Usimpe mtu programu yako aipandishe kwa akaunti yake: yaliyonikuta Mbeya

Mleta mada, usimpe. Hata angekuwa kaka yako wa tumbo moja, usimpe.

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala ya Uyole, nikashindwa kungoja nifike nyumbani. Uko Mafinga, umewatengenezea wauza mbao programu ya kupiga hesabu za futi na kuandika oda, na umeuliza mambo mawili: utumie Flutter au Kotlin (zana za kuandikia programu za simu), na kama ukubali ofa ya jamaa wa Dar anayetaka kukupandishia Play Store kwa akaunti yake, ili uokoe dola 25 za kufungua akaunti na uepuke habari ya wapimaji 12 wa siku 14, wale watu wa kuijaribu programu kabla Google hawajairuhusu itolewe kwa wote. Wachangiaji watatu hapo juu wamekujibu "kubali, ni fursa". Hao hawajaumwa bado. Mimi niliumwa na nyoka, ndiyo maana nashtuka nikiona unyasi.

Flutter au Kotlin, andika kwa ile unayoijua. Zote mbili zinaishia kwenye faili moja linalotiwa saini kwa ufunguo, yaani faili la siri linalothibitisha kwamba programu imetoka kwako, na ufunguo ndio ninaotaka tuuzungumze.

Mwaka 2019 nilitengeneza programu ya bei za mazao. Nilianza na viazi kwa sababu mama yangu mdogo anauza viazi vya Isyonje pale sokoni Mwanjelwa, na kila asubuhi alikuwa anapiga simu tatu nne kuulizia gunia limefika bei gani Makambako na Dar. Baadaye nikaongeza daftari la madeni. Wale kina mama wanakopesha: muuza chipsi anachukua gunia Jumatatu, analipa Jumamosi. Madeni yote yalikuwa yanakaa ndani ya simu yenyewe, hayaendi kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni), maana wengi wao hawakuwa na bando la kila siku. Nililifikiria hilo kwa makini na nikaona nimewasaidia.

Sikuwa na kadi ya benki ya kulipia mtandaoni. Kulikuwa na kaka mmoja mjini, ana ofisi ya kuprinti na kutengeneza tovuti, na akaunti ya Play Store anayo. Akaniambia: "Dogo, wewe andika programu, haya mambo ya Google niachie mimi, nimeyazoea." Nikampelekea kazi yangu yote kwenye flashi. Akaunda ufunguo kwenye kompyuta yake, akatia saini, akapandisha. Chini ya jina la programu lilisomeka jina la kampuni yake. Hata jina la kifurushi, lile ambalo simu inaitambulia programu na ukishalipandisha hulibadilishi tena, lilianza na jina la kampuni yake. Mimi niliona tu ikoni yangu iko Play Store, nikamnunulia kuku nzima.

Simu ya Android haijui nani aliumiza kichwa kuandika programu. Inajua saini. Ukileta toleo jipya la programu iliyomo kwenye simu, inalinganisha saini na ile ya mwanzo, na zisipofanana inakataa kuliweka. Google walianza huduma ya kukutunzia ufunguo huo mwaka 2017, na tangu Agosti 2021 kila programu mpya inayopandishwa Play Store lazima iingie humo. Yangu iliingia kabla, na yule kaka hakuiunganisha. Kwa hiyo ufunguo ulikuwa faili moja, kwenye kompyuta moja, kwa nywila ambayo hakuna aliyeiandika popote.

Mwanzoni mwa 2021 akaunti yake ikafungwa, na si kwa kosa la programu yangu. Alikuwa amewapandishia wateja wengine vitu vilivyovunja masharti, na akaunti ikifungwa vinaondoka vyote vilivyomo. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha, nikaandika jina la programu yangu, sikuona kitu. Nikadhani mtandao. Nikampigia, akasema, "Usijali dogo, nimekata rufaa." Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baadaye simu ikawa haipokelewi. Nilipomfuata ofisini akaniambia ile kompyuta ameshaiuza, ilikuwa imechoka. Ameiuza na ufunguo wangu ndani! Alinijibu vile huku anaendelea kuprinti kadi za harusi za watu.

Na seva iliyokuwa inaleta bei ilikuwa imelipiwa kwa jina lake pia. Ilipoisha muda, bei zikaganda. Mama mdogo ndiye aliyegundua: "Mwanangu, mbona viazi vya kwenye simu havipandi wala havishuki?"

Sasa nisome hapa polepole, kwa sababu mpaka hapo hasara ilikuwa yangu mwenyewe. Hasara ya watu niliisababisha mimi.

Nilikodi seva nyingine, nikaunda ufunguo mpya, nikatengeneza faili la APK, lile la kuweka programu kwenye simu bila kupitia Play Store, nikalituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa viazi. Ujumbe ukaanza kurudi: linakataa, linakataa. Bila shaka lilikataa, saini hazikufanana. Ilikuwa saa tano usiku, nimechoka, ninachotaka ni bei zianze kutembea. Nikaandika: "Futeni ile ya zamani, kisha wekeni hii." Wakanitii. Ukifuta programu, simu inafuta na kila kitu programu hiyo ilichokihifadhi. Daftari la madeni lilikuwa humo.

Asubuhi nilikwenda Mwanjelwa. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa chini juu, simu yake ina ufa kwenye kioo na vumbi la viazi. Akaipangusa kwa ncha ya khanga, akanionyesha. Imeandikwa: "Hakuna deni lililoandikwa." Sentensi hiyo niliiandika mimi mwenyewe, kwa ajili ya mtu anayeifungua programu kwa mara ya kwanza. Alikuwa anadai watu 14. Hakunigombeza. Alinituma dukani nikamnunulie kaunta buku, tukakaa anakumbuka mmoja mmoja, mimi naandika: wa Kabwe gunia mbili, yule kijana wa Mafiati gunia moja na nusu, au ni moja? Wengine walikuja Jumamosi wakalipa bila kuulizwa, Mungu awabariki. Wengine walisema, "Mama, mbona nilishakulipa?" Atawajibu nini?

Na njia ilikuwepo. Kama ningebadilisha na jina la kifurushi pamoja na ufunguo, programu mpya ingekaa kwenye simu pembeni ya ile ya zamani, zote mbili. Kila mtu angefungua ya zamani, akasoma madeni yake, akayahamishia kwenye mpya kwa mkono. Jioni moja tu ya kazi. Sikuwaza. Nilikuwa nakimbizana na tatizo ambalo lisingekuwepo kama ufunguo ungekuwa kwangu tangu siku ya kwanza.

Yule kaka nilimkasirikia miaka. Mpaka leo nikipita karibu na ofisi yake moyo unanienda mbio. Kinachoniuma ni kwamba alijua. Alijua mwenye akaunti ndiye mwenye mali. Play Console, ukurasa wa Google wa kusimamia programu zako, ina sehemu ya kuhamisha programu kutoka akaunti moja kwenda nyingine, ombi linaanzishwa na anayeishikilia. Miaka miwili yote ile akaunti yake ilikuwa hai, angeweza kuniambia, "Dogo, fungua ya kwako nikuhamishie." Hakusema hata siku moja. Na leo wapo wengi wanaofanya hivyo hivyo, wanawaambia vijana "nitakupandishia" kama wanasaidia kubeba ndoo ya maji.

Mchangiaji mmoja hapo juu kasema siku hizi Google wanatunza ufunguo, kwa hiyo hakuna hatari. Mkuu, soma vizuri. Google wanatunza ufunguo wa programu, wewe unabaki na ule wa kupandishia, na ukiupoteza unaweza kuomba mwingine. Nani anaruhusiwa kuomba? Mwenye akaunti. Kwa mleta mada huyo ni jamaa wa Dar.

Mwingine kasema aachane na Play Store, asambaze APK kwa WhatsApp. Agosti 2025 Google walitangaza utaratibu wa kuwathibitisha watengenezaji, hata wa programu zinazosambazwa nje ya Play Store, wakianza Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Majina ya vifurushi yanasajiliwa kwa mtengenezaji aliyethibitishwa, naye anaonyesha kwamba ufunguo ni wake. Huko nako swali ni lile lile: ni wako, au wa nani?

Fungua akaunti yako, leo. Dola 25 unalipa mara moja tu, si kama Apple wanaotaka 99 kila mwaka. Nenda tawini na kadi yako ya benki, waambie waifungulie malipo ya mtandaoni; kadi za kulipia kabla Google hawazipokei. Andaa kitambulisho cha NIDA, maana wanahakiki. Tumia barua pepe ambayo ni yako peke yako, wala isiwe ya ofisi wala ya rafiki, weka uthibitisho wa hatua mbili, zile namba za akiba ziandike kwenye karatasi zikae pamoja na vyeti vyako vya shule. Faili la ufunguo weka nakala sehemu mbili tofauti na nywila yake iandike. Haya fanya kabla hujaongeza hata kitufe kimoja kwenye hiyo programu.

Wapimaji 12 wasikutishe. Sharti hilo ni la akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, ndiyo maana akaunti ya zamani ya huyo jamaa inaonekana tamu. Mwanzoni walikuwa wanataka watu 20, wakashusha hadi 12 Desemba 2024. Wewe uko Mafinga, umezungukwa na watu wa mbao za Sao Hill ambao programu ni yao. Ingia kwenye yadi moja, kaa na watu saa mbili, andika barua pepe zao kwenye orodha ya wapimaji, kisha wajiunge mmoja mmoja kwenye simu zao. Waambie wasijitoe mpaka siku 14 mfululizo ziishe, na kila siku waandike mbao zao humo kweli kweli. Utajifunza kwao kuliko unavyojifunza kwetu hapa.

Na madeni au oda za watu usiziache ndani ya simu peke yake. Weka kitufe cha kutoa nakala, hata kama ni maandishi tu ya kujitumia WhatsApp.

Ukishalipia akaunti nitumie ujumbe wa faragha nikupe barua pepe mbili, yangu na ya mke wangu. Umebakiza wapimaji 10.