Mtoto wa kambakoche humpati kwa kugeuza mawe

Nilipoanza kushuka mwambani Makunduchi, Unguja, nyakati za bamvua, maji yanapokupwa sana, nilikuwa nikigeuza kila jiwe nililoliweza, nikiamini kuwa watoto wa kambakoche, yule kamba mkubwa wa miambani, wamejificha chini yake, na nikaishia kuona kaa, majongoo wa pwani na viganja vilivyochubuka. Mzee mmoja mchokoaji wa pweza alinitazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe unatafuta jiwe. Tafuta tundu."

Kambakoche hakui tangu mwanzo mwambani. Kiluwiluwi chake, bapa kama jani na kinachopitisha mwanga, huelea bahari kuu kwa miezi kadhaa, kisha hugeuka mtoto asiye na rangi, mwenye urefu wa sentimita 2 hivi, ambaye huogelea kuelekea pwani bila kula chochote njiani. Akifika, hutaka tundu linalomtosha yeye tu, kwa kuwa tundu likiwa pana, pweza naye ataingia. Ndiyo maana nakushauri upite haraka mapango makubwa, ambamo wakubwa hukaa pamoja, na uiname kwenye nyufa na vitobo vya upana wa kidole, hasa vilivyofunikwa mwani.

Kila aina ya kambakoche nayo ina mahali pake. Panulirus homarus hupenda mawe yanayopigwa na mawimbi, aghalabu kwenye kina cha mita 1 hadi 5, ilhali Panulirus ornatus huvumilia hata maji ya tope karibu na majani ya bahari.

Ukishainama, tulia mpaka maji yaache kutikisika. Utakachoona kwanza ni ndevu mbili nyembamba zikipapasa mlangoni, wala si mwili. Siku moja niliokota kitu nikasikitika kuwa nimemuua mtoto, kumbe ni gamba tupu, jepesi kama ganda la kitunguu, lenye miguu na ndevu zake kamili. Mwenyewe alikuwa ndani, laini, akingoja gamba jipya liwe gumu. Usiku ni rahisi zaidi, maana macho yao hung'aa yakimulikwa kwa tochi.

Usitie kidole tunduni, kwani mkunga, samaki kama nyoka mwenye kuuma, hukaa humo humo. Jiwe ulilokwisha kuligeuza lirudishe kama lilivyokuwa, kwa sababu vilivyoota chini yake hufa kwa jua. Maji yakianza kujaa, ondoka papo hapo, kwani mifereji iliyo nyuma yako hujaa kabla ya mwamba uliosimama juu yake.