Saratani imefika mgongoni: je, upasuaji wa matundu madogo una faida?

SWALI: Mama yangu aliwahi kutibiwa saratani ya titi, na sasa kipimo cha MRI kimeonyesha kuwa ugonjwa umesambaa hadi kwenye pingili mbili za mgongo. Bado anatembea, lakini maumivu humzidi akisimama au akijigeuza kitandani. Daktari ameshauri afanyiwe upasuaji wa matundu madogo, kisha tiba ya mionzi. Baadhi ya ndugu wanasema kumpasua mtu ambaye saratani yake imekwisha kusambaa ni kumtesa bure. Daktari, tushike lipi?

JIBU: Pole sana kwa kuuguliwa na mama. Hofu ya ndugu zako ninaielewa, kwa kuwa ni kweli kwamba upasuaji huu hauiondoi saratani mwilini. Lengo lake ni jingine: kuzuia pingili zilizoliwa na ugonjwa zisiporomoke, kupunguza maumivu na kulinda uwezo wa mama wa kutembea. Maumivu yanayozidi mgonjwa anaposimama au kujigeuza, kisha yakapungua akitulia, mara nyingi huashiria kwamba mfupa umepoteza uimara, na mionzi, ingawa huua seli za saratani, haiwezi kuushikiza mfupa uliolegea. Kazi hiyo hufanywa na skrubu na vyuma, au na saruji maalumu ya kitabibu inayoingizwa kwa sindano nene ndani ya pingili na kuganda baada ya dakika chache. Njia hiyo ya saruji si ya majaribio, kwani ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1984.

Katika upasuaji wa kawaida, misuli ya mgongo hubanduliwa kutoka kwenye mfupa kwa eneo kubwa. Kwa matundu madogo, vifaa hupenyezwa katikati ya misuli huku daktari akiongozwa na picha za eksirei, na kwa kawaida damu inayopotea huwa ndogo. Faida ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote, hata hivyo, huja baadaye: mionzi na baadhi ya dawa za saratani huzuia kidonda kupona vizuri, hivyo mwenye jeraha kubwa hulazimika kusubiri wiki kadhaa kabla ya kuendelea na matibabu, ilhali mwenye jeraha dogo huweza kuanza mapema zaidi.

Iwapo uvimbe umeanza kuubana mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo, sababu za kupasua huwa nzito zaidi. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba, kati ya wagonjwa waliobanwa hivyo, asilimia 84 ya waliopasuliwa kisha wakapewa mionzi waliweza kutembea baada ya tiba, ikilinganishwa na asilimia 57 ya waliopewa mionzi peke yake. Upasuaji wa wakati ule ulikuwa wa kufungua mgongo. Siku hizi, penye mionzi ya kulenga kwa usahihi mkubwa, mara nyingi inatosha kuutenga uvimbe na mshipa huo kwa milimita chache, na mionzi ikamalizia iliyobaki.

Si kila mgonjwa anafaa. Saratani ya tezi za limfu, kwa mfano, mara nyingi huitikia mionzi vizuri bila kisu, na mgonjwa aliyedhoofika sana huenda asipate muda wa kufaidika. Saruji nayo huweza kuvuja, skrubu zikalegea, au kidonda kikapata maambukizi. Kwa hiyo mwulizeni daktari wenu mambo matatu: je, mshipa wa fahamu umebanwa, pingili zimelegea kiasi gani, na mionzi itaanza lini baada ya upasuaji?

Mkiwa bado mnashauriana, mama akianza kuishiwa nguvu miguuni, kufa ganzi sehemu za siri au kushindwa kukojoa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo bila kungoja miadi, kwa sababu miguu ikishapooza kabisa ni vigumu sana kuirejesha.