Swali la katuni na madawa: aliyekaa pembeni ya mtoto ni nani?

Muliuliza wiki hii kama katuni za televisheni zinaweza kumkinga mtoto na madawa ya kulevya. Mimi mara moja nikasema hapana, Wamarekani si walishajaribu. Tarehe 21 Aprili 1990 televisheni zao kubwa zote zilitoa kwa pamoja katuni moja, Cartoon All-Stars to the Rescue, rais Bush na bibi yake ndio waliifungua, Bugs Bunny na Garfield na wengine wanahangaikia kijana Michael aache bangi. Na bangi haikuisha kwao.

Ile katuni mimi niliionea Kadutu, mtaa wa Bukavu kwetu Kongo, kwa kaseti, kwa jirani. Kiingereza hakuna aliyekisikia, isipokuwa kaka wa pale alisomaga Uganda, akawa anatutafsiria kwa nguvu. Ilipofika pale Michael anaiba kibubu cha dada yake mudogo Corey, kaka akasimamisha kaseti akatuuliza, wewe ungemuibia dada yako? Wote kimya. Sasa mlangoni alikuwa anasimamaga maibobo mmoja, mtoto wa barabarani, umri wetu tu, chupa ya kole, ile gundi wanayovuta, ameificha mu mkono wa triko, harufu inatufikia mpaka ndani. Ndiye alijibu: "Huyo ana dada, ana na chumba chake, sasa anavutia nini?" Kaka hakumfukuza. Akamwambia weka chupa nje, ingia. Akakaa chini na sisi mpaka mwisho, kila saa anauliza, na sasa anasema nini, na sasa? Mama akaleta bugari na sambaza, wale samaki wadogo, tukala wote sahani moja. Wakati wa kutoka aliiokota chupa yake, sitadanganya. Lakini kesho yake alirudi, na kole hakuvuta pale ndani.

Basi ile hapana yangu imelegea. Mutuletee katuni, lakini iwe kwa Kiswahili chetu, ionyeshe kole na vile vipakiti vya pombe kali vinavyouzwa karibu na masomo, na mkubwa akae pale ajibu maswali, siyo kuwasha televisheni na kwenda zake sokoni. Ila mtoto anayevuta kole juu ya njaa na baridi ya usiku wa Bukavu, huyo televisheni ataionea wapi? Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, mimi nasema waanze na chakula chake, katuni itafuata.