Kabla hujapanda ua linalotambaa, uliza mzizi wake

Mche ule niliununua kando ya barabara kule Mbezi, ukiwa kwenye kiriba, na vishada viwili vya maua ya rangi ya waridi na majani yenye umbo la moyo. Muuzaji aliniambia haufi hata kiangazi. Alisema kweli.

Masika ya kwanza ulifunika ukuta mzima. Nyuki walijaa, wageni wakaomba mbegu, nami nikawagawia. Hilo linaniuma mpaka leo. Masika ya pili ulikuwa juu ya mwembe, umeyafunga matawi hata ya ndani yakakosa jua na kukauka. Nikaukata kwa panga chini kabisa. Wiki mbili baadaye ulichipua palepale, na tena hatua tatu mbele, karibu na karo.

Bibi wa nyumba ya pili ndiye aliyenieleza. "Mwanangu, unanyoa nywele tu, kichwa umekiacha. Chimba."

Nilichimba kwa sururu nikakuta viazi vya kahawia, vingine kama kidole, kimoja kinene kama muhogo, vimeshikana kwa vijizizi vinavyokatika ukivuta. Kinachobaki ardhini huchipua. Mmea huu, Antigonon leptopus, asili yake ni Meksiko, na viazi hivyo ndiyo akiba yake.

Kwa hiyo chimba mvua ikishanyesha, udongo ukiwa laini, ufuate mzizi kwa vidole. Viazi viweke juani juu ya sakafu ya saruji mpaka vikauke kabisa. Tafadhali usivitupe mtaroni wala bondeni. Mbegu zake pia huelea, na mvua zetu unazijua: hazichelewi kuzifikisha mtoni. Kisha rudi kukagua kila wiki. Mimi ilinichukua miezi minane.

Wedelia, lile zulia la maua ya njano, halina viazi, lakini kila kifundo cha shina kikigusa udongo hutoa mizizi. Ukilifyeka, okota kila kipande. Na lantana, ile ya maua ya rangi mchanganyiko, ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu, nayo ni sumu kwa mbuzi na ng'ombe. Kama unafuga, usibakize hata shina moja.

Ukutani kwangu sasa kuna asumini. Inapanda polepole, na jioni bibi huja kuchuma maua ya kutungia kikuba.