Amua Jumapili, si saa moja usiku

Dada, kwa hilo la kuwaza upike nini kila jioni ukitoka kazini: loweka maharage Jumamosi usiku, Jumapili chemsha yote, gawa kwenye makopo, weka friza. Jumatatu unayaunga kwa nazi ule na wali.

Na hapa Moshi ndizi hazikosekani! Chukua zile za aina ya mshale pale soko la Mbuyuni, paka mafuta ya kula mikononi kabla ya kumenya, utomvu usigande. Chemsha na nyama ya mifupa, kitunguu na karoti, toa mifupa, ponda kwa mwiko mpaka ulainike. Mtori huo, watoto wataupenda sana.

Siku umechoka kabisa, ugali, mchicha na dagaa wa kukaanga. Dagaa waoshe kwa maji ya moto, mchanga utoke.