Levittown: raha ya watoto, ila si wote

Uliyeuliza kama watoto wa Levittown, mtaa wa nyumba kule Long Island karibu na jiji la New York, Marekani, hawakuchoshwa na nyumba zinazofanana kama mapacha: kwa mtoto naona ilikuwa raha tupu. Mjenzi William Levitt alianza kuujenga mwaka 1947 kwenye mashamba ya viazi, na kufikia 1951 zilikuwepo nyumba zaidi ya 17,000. Wakazi wengi walikuwa askari waliotoka Vita vya Pili vya Dunia, wenye familia changa, kwa hiyo hukosi mwenzako wa kucheza naye. Kujenga uzio kulikatazwa. Unakatiza tu nyua za majirani mpaka kwenye bwawa la kuogelea la mtaa. Mabomba ya maji ya moto yalipita ndani ya sakafu ya zege, basi wakati wa baridi unajilaza chini, tumbo kwenye joto.

Ila tusisahau, mikataba ya mwanzo ilikataza waziwazi wasio Wazungu kuishi humo, labda awe mtumishi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua masharti ya aina hiyo hayatekelezeki kisheria. Kipengele kikafutwa, na Levitt akaendelea vilevile kuwanyima Weusi nyumba, hata waliopigana vita hiyohiyo.