Jibu: Nianzie wapi kulinda seva tatu za saccos?

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kulinda seva tatu za saccos yenu pale Kizota, na kama ni lazima mnunue mfumo wa bei kubwa. Si lazima. Funga Zabbix, programu ya kuchunga seva, kwenye kompyuta ya pembeni. Ni bure, na itakutumia ujumbe diski ikikaribia kujaa au huduma ikisimama. Ila usiiweke kwenye seva ileile unayoichunga. Seva hiyo ikizima, Zabbix nayo inazima na hupati taarifa.

Halafu pima joto. Ofisi moja hapa Dodoma niliyokuwa naihudumia, seva ilizimika kila mchana. Tulihangaika na programu siku mbili nzima. Nilipofungua kasha nikakuta feni imezibwa na vumbi jekundu, haizunguki kabisa. Kwa kiangazi chetu hiki, kipimo cha joto usikiache hata kidogo.

Logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva, zitume kwenye mashine nyingine, kwa sababu mvamizi akishaingia hufuta nyayo zake. Saa za seva zote zioanishwe kwa NTP, njia ya kulinganisha saa kupitia mtandao, la sivyo hutajua tukio gani lilitangulia.

Na masasisho, tafadhali sana! WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipozuka Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka (sasisho la kuziba tundu lililotumika) tangu Machi. Walioumia wengi hawakuwa wamekiweka. Mlango wa mtandao namba 445, unaotumiwa na Windows kushirikishana mafaili na ndiko WannaCry ilikopitia, usionekane kabisa kutoka intaneti. Nakala rudufu moja ikae nje ya mtandao, na wiki hii hii jaribu kuirejesha uone kama inafunguka.

Ukikwama kwenye Zabbix weka picha ya skrini hapa, tutaangalia pamoja.